Nani Anamnyima Mama wa Kilelengwani Chakula?

Mada: Kilelengwani, katika delta ya Mto Tana, wanawake ndio wanaopanda, wanaokama na wanaopika. Mbona njaa inapoingia inaanza kwao? Wasemaji ni wanne: mzee wa Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo; mwanamke mkulima wa Kipokomo; afisa kilimo; na mwanamke mfugaji wa Kiorma. Ni sauti zilizotungwa kutokana na hoja zinazosikika delta nzima. Wasisakwe watu fulani ndani yake.

MZEE WA GASA: Nianze na lisilo na ubishi. Njaa yetu imetoka juu, na sisemi mbinguni. Imetoka Masinga. Babu zetu waliishi kwa mafuriko mawili kwa mwaka, ya masika na ya vuli. Mto ukipanda unaacha tope. Maji yakirudi, mtu anapanda mpunga, mahindi na kunde kwenye unyevu ule ule, bila mbolea wala pampu. Kisha Serikali ikajenga mabwawa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme ukaenda zake Nairobi. Sisi tukabaki na mto usiopanda tunapouhitaji, na ukipanda, unakuja na nyumba za watu. Baba na mama wote wanalala njaa hiyo hiyo. Sasa hili la wanawake limetoka wapi?

MKULIMA: Limetoka jikoni, baba. Lakini nianze shambani, usije ukasema mto siujui. Shamba langu linategemea bahari ijae. Wakati wa bamvua, bahari inausukuma mto urudi nyuma, na maji matamu yanapanda mpaka kwenye mifereji yetu. Ndipo tunafungua. Ila kabla sijavunja tope la mlango wa mfereji, nateka maji kwa kiganja nikaonja. Yakiwa na chumvi, sigusi kitu, nachukua jembe langu nikarudi. Mto ukiwa dhaifu, bahari haina cha kusukuma, inaingia yenyewe. Kuna miezi naonja bamvua zote mbili na sifungui hata mara moja. Wenzetu wa kijiji cha Ozi wamepoteza miembe iliyopandwa na babu zao kwa chumvi hiyo hiyo.

MZEE WA GASA: Basi umenisaidia. Hiyo ndiyo hoja yangu.

MKULIMA: Ni nusu yake. Nusu nyingine ni mwaka ambao maji yalikuwa matamu, mpunga ukakubali, nikavuna mpaka magunia yakakosa pa kukaa. Haikupita miezi mingi nikawa nasimama dukani naandikiwa unga kwenye daftari. Mwaka ule Masinga ilikuwa na kosa gani?

AFISA KILIMO: Hapo niseme kidogo, mama. Hilo ni tatizo la soko. Watu wote wanavuna wakati mmoja, dalali anajua, anakuja na lori na bei yake mfukoni. Mpunga unauzwa na makapi yake kwa sababu mashine ya kukoboa iko mbali na kinu kinakula siku nzima. Thamani yote inakwenda na lori. Mkijiunga, mkaweka ghala la pamoja, mkakoboa wenyewe, mkauza baada ya miezi mitatu, hamtakopa unga. Na mbegu zipo zinazokomaa mapema, zinazowahi kabla chumvi haijapanda.

MKULIMA: Mwanangu, mafunzo hayo ulikuja kutufundisha. Uliandika majina ya wakulima. Kwa shamba letu uliandika jina la nani?

AFISA KILIMO: La mwenye shamba.

MKULIMA: Na aliyeonja maji ni nani?

AFISA KILIMO: Fomu ina nafasi ya mkuu wa kaya. Sikuitunga mimi.

MKULIMA: Sikulaumu. Nataka uone njia ya gunia. Jina likiwa la baba watoto, mbegu zinatoka kwa jina lake, dalali anampigia yeye, pesa inaingia kwenye simu yake. Mimi nasikia mlio wa ujumbe tu. Inalipa deni la pikipiki, inalipa karo ya kijana wa sekondari, inasaidia maziko ya jamaa. Sisemi ni mlevi. Yote hayo ni mambo ya maana. Lakini katika hesabu yote hiyo hakuna fungu la unga wa miezi ya njaa, kwa sababu anayejua unga utaisha lini ni mpishi, na mpishi hakuulizwa.

MZEE WA GASA: Binti yangu, hakuna Mpokomo anayemnyima mkewe chakula. Hilo ni tusi.

MKULIMA: Hanyimi, baba. Anapakuliwa kwanza. Kisha watoto. Kisha mimi nakwangua sufuria na kusema nimeshiba nilipokuwa nikionja chumvi ya mchuzi. Siku ya shibe hakuna anayegundua. Siku ya upungufu, upungufu wote unakaa kwenye sahani moja, na ninajua ni ya nani. Mwaka nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa mwisho utaratibu ulikuwa huo huo.

MZEE WA GASA: Hayo ni ya kila nyumba, hayajengewi sheria. Mimi nasema juu ya ardhi. Kwetu ardhi ni ya ukoo, imekatwa vipande tangu ukingo wa mto kwenda bara. Mwanamke anaolewa, anapewa pa kulima. Mumewe akifa, anaendelea kulima. Nitajie mjane mmoja aliyefukuzwa Kilelengwani.

MKULIMA: Hafukuzwi. Anapunguziwa. Msimu wa kwanza shemeji anaomba kile kipande cha ukingoni "kwa mwaka huu tu". Msimu wa pili anakiita chake. Mjane anasogezwa, anasogezwa, mpaka anafika pale maji matamu hayafiki. Halafu tunasema chumvi ndiyo iliyomla. Na mti je? Mwanamke akitaka kupanda mwembe anaulizwa ana nia gani, kwa sababu mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya ukoo. Hivyo napanda vya msimu mmoja. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena yale ya Aprili na Mei 2024, yalisomba vya msimu mmoja. Miembe iliyo juu ilisalimika, na embe zake ziliuzwa na wanaume.

MFUGAJI: Nimekaa nasikiliza Kilelengwani ya wakulima peke yao. Sisi Waorma hatuli?

MZEE WA GASA: Karibu, mama. Na ng'ombe wako umewaacha wapi, wasije wakaingia mpungani?

MFUGAJI: Ng'ombe si wangu, mzee, ndilo nililokuja kusema. Kwetu ng'ombe ni wa mume, maziwa ni ya mke. Ni utaratibu mzuri mwaka wa mvua: nakama, nalisha watoto, kinachobaki natia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, natuma Garsen au Minjila, napata sukari na unga. Lakini mwaka wa ukame mume anawahamisha mifugo kwenda mbali, na maziwa yanahama nao. Anabaki nani kijijini? Mimi, wazee, watoto. Katika ule ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo. Baba anauza ng'ombe mwenye ndama mchanga ili awanunulie wengine malisho. Kwa hesabu ya mifugo amefanya la busara. Kwa hesabu ya chungu changu amefunga duka. Ng'ombe amemuuza yeye, maziwa niliyopoteza ni yangu, na sikuulizwa.

MKULIMA: Pole, dada. Lakini ng'ombe hao hao wakirudi wanakula mpunga wangu usiku mmoja.

MFUGAJI: Mpunga ulioupanda juu ya malka, njia ya ng'ombe ya kushukia majini. Ng'ombe atashuka mtoni apite wapi, mwenzangu? Aruke?

MKULIMA: Malka yenu mnaijua ninyi. Mimi nilipewa kipande, nikalima. Sikuonyeshwa njia ya ng'ombe, nilionyeshwa shamba.

MFUGAJI: Na mimi sikuonyeshwa shamba. Niliambiwa huku ndiko ng'ombe wanakonywea tangu wakati wa babu, na kiangazi hiki wamekuja wa Ijara na Garissa pia.

MZEE WA GASA: Mnaona sasa? Hili ndilo linaloua chakula: mifugo na mashamba kwenye maji yale yale. Mke na mume ni jambo dogo.

(Hapa mwandishi anaomba kuingilia, kwa sababu wote wameruka mwaka mmoja. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano ya delta hii yaliua zaidi ya watu 100. Tarehe 10 Septemba 2012 yalifika Kilelengwani penyewe: watu 38 waliuawa, 9 kati yao askari polisi, na nyumba zikachomwa. Anayejadili chakula cha hapa bila tarehe hiyo anajadili kijiji kingine. Ghala lililoungua linaweza kujengwa upya. Ile hali ya mwanamke kubeba kibuyu cha maziwa asubuhi na kurudi na mchele jioni, akipita shamba la mtu asiyemwogopa, ilichelewa zaidi kurudi.)

MFUGAJI: Ameyasema mwandishi, na mimi niyakamilishe. Zamani nilikuwa na rafiki yangu Mpokomo. Maziwa yangu, mpunga wake, wala pesa haikuingia kati. Mwaka wangu mbaya ulikuwa mwaka wake mzuri, kwa sababu baada ya mafuriko ng'ombe wanateseka na mashamba yananeemeka. Hiyo ilikuwa bima yetu, hatukuiandika popote. Vita vilipoingia, kila mmoja alibaki na chakula cha aina moja. Vilipoisha, ziliundwa kamati za amani. Wazee wa Gasa upande ule, wazee wa Matadeda, baraza letu Waorma, upande huu. Walikubaliana juu ya malka, juu ya fidia, juu ya faini. Rafiki yangu hakuitwa. Mimi sikuitwa.

MKULIMA: Na fidia ikitoka kwa mpunga uliolishwa, inalipwa kwa mwenye shamba. Turudi pale pale kwenye fomu.

AFISA KILIMO: Lakini tusisahau kwamba miradi mikubwa nayo ililetwa hapa. TARDA, ile mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, ilijenga skimu ya mpunga, yenye mifereji na mashine. El Niño ya 1997 ikaivunja. Si kwamba watu hawakujaribu.

MKULIMA: Ilivunjika ya TARDA; ile mifereji ya majembe ya mama zetu ilizibuliwa tena baada ya maji kukauka. Sijifaragui. Nasema tu kilicho kidogo kinarekebishika na mtu asiye na bajeti.

MZEE WA GASA: Umesema neno zuri, nami nitalitumia. Mnaotaka ardhi iandikwe majina, kila mwanamke na kipande chake na karatasi yake, kumbukeni 2008. TARDA na Kampuni ya Sukari ya Mumias walikuja na mpango wa miwa wa takriban hekta 20,000 katika delta hii. Kesi ikaenda mahakamani. Mpaka leo kiwanda hakipo, miwa haipo. Unajua ni nini kilichotusaidia? Ardhi haikuwa na vipande vya kununua kimoja kimoja. Ingekuwa na hati za watu binafsi, wangemfuata mjane mwenye njaa mwezi wa Februari, wangempa pesa ya miezi sita, na angetia kidole gumba kwenye karatasi. Njaa inauza ardhi, binti yangu. Ukoo unaizuia isiuzwe. Mnanilaumu kwa mila, na mila hiyo ndiyo iliyowaachia pa kulalamikia.

MFUGAJI: Hapo mzee amesema kweli. Na malisho yetu yangezungushiwa waya.

MKULIMA: Amesema kweli, sikatai. Mimi sijaomba hati ya peke yangu. Niulize swali la dini, baba, maana sote hapa tunaswali. Baba yangu alipofariki, sheria ya Kiislamu ilinipa fungu. Nusu ya kaka yangu, lakini fungu. Nikienda kwa Kadhi atanihesabia. Mila imenipa ngapi?

MZEE WA GASA: Ardhi ya ukoo si mali ya marehemu. Haigawiwi kama mirathi, kwa hiyo hapakuwa na fungu la kukunyima. Kaka yako naye hakurithi, aliendelea tu.

MKULIMA: Aliendelea! Na mimi niliendelea wapi? Kwa mume. Kwa mume mimi ni mgeni, kwa baba mimi nimeolewa. Kaka anaitwa mwana ukoo pande zote mbili za mto. Sawa, iwe si mirathi. Basi tukubaliane kwamba ni mali ya wote, na mimi ni mmoja wa hao wote. Mbona nikitaka kusema juu yake naambiwa nipitie kwa mtu?

AFISA KILIMO: Kisheria hupaswi kupitia kwa mtu, mama. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 60 kinakataza ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016...

MZEE WA GASA: Kijana wangu, Katiba hailiwi. Nimeishi na sheria za Nairobi tangu Mkoloni. Zinakuja kwa gari na kuondoka na gari hilo hilo.

MFUGAJI: Hata msaada unakuja hivyo. Chakula cha msaada kikishushwa, kinagawiwa kwa daftari la kaya. Mume ana wake wawili, daftari lina jina moja, gunia ni moja. Majiko ni mawili, moshi unatoka kwenye yote mawili, afisa anahesabu moja. Mke mwenza wangu na mimi hatujawahi kugombana kwa ajili ya mume. Tuligombana kwa ajili ya gunia.

AFISA KILIMO: Siku hizi nyingi ni pesa kwenye simu. Kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee.

MFUGAJI: Na mwenye miaka arobaini, watoto sita na mume aliyehama na ng'ombe, huyo ni mzee?

AFISA KILIMO: Hapana, mama.

MFUGAJI: Basi.

MZEE WA GASA: Nimewasikia. Sasa nisikilizeni na mimi bila kunikata. Mnazungumza kana kwamba mwanamume wa hapa ana kitu alichokificha. Vijana wetu hawana kazi. Mume anayeuza mpunga mapema anadaiwa, na anayemdai ni mwenye duka yule yule aliyewapa unga. Ukimpa mke ile simu, deni halitoweki. Mto hautapanda. Chumvi haitarudi baharini kwa sababu jina limebadilika kwenye fomu. Mimi naogopa mkishamaliza kuhukumu nyumba zetu, Serikali itapumzika, iseme: kumbe tatizo la Tana ni waume wao. Na bwawa jingine litajengwa huko juu.

MKULIMA: Hiyo hofu ni ya haki, nami ninayo. Siku tukienda kudai maji ya mto yafunguliwe kwa wakati wa kupanda, nitakuwa mbele, kwa sababu mimi ndiye ninayejua siku na saa ya kuonja. Lakini nani atanipeleka? Wajumbe wa mambo ya mto wamekuwa ni wale wale wasiofungua mfereji. Baba, mnakwenda Garsen na Hola kusema "maji hayatoshi". Afisa anawauliza yalikosekana lini, kwa bamvua ngapi, yalipata chumvi mwezi gani. Mnakuna vichwa. Majibu hayo yako hapa kijijini, kwa wanawake walioachwa kupika.

MZEE WA GASA: ... Hilo sikulifikiria hivyo.

MFUGAJI: Na malka vilevile. Uliza mwanamke anayechota maji ni wapi ng'ombe wanashuka na ni wapi mamba anakaa. Atakuonyesha kwa kidole.

MZEE WA GASA: Haya. Tuseme tunaandikisha ardhi ya jamii, isiyokatwa vipande, isiyouzika kwa mtu mmoja. Mnataka nini ndani yake?

MKULIMA: Jina langu kwenye daftari la wanajamii, kwa mstari wake, lisiwe chini ya jina la mtu. Mjane abaki na kipande chake cha ukingoni, na ikiandikwa "mwaka huu tu" iwe na mwaka. Niruhusiwe kupanda mwembe.

MFUGAJI: Malka zichorwe kabla ya mashamba kugawiwa, na mwanamke wa Kiorma awepo zikichorwa. Ng'ombe mwenye ndama asiuzwe kiangazi bila anayemkama kujua. Hili la mwisho najua si la sheria, ni la nyumbani, lakini mzee akilisema msikitini litasikika.

MZEE WA GASA: La mwembe sijalikubali. Mti ni mizizi, na mizizi ni madai. Hilo nitakwenda nalo kwa wenzangu na huenda wakalikataa, na huenda nami nikawa pamoja nao. La daftari, sioni ubaya. Lakini mkutano wa kuyapitisha utaitishwa na wazee, kama ilivyo desturi. Wanawake wakipenda waje, wasipopenda, tutaendelea. Kijana wa kilimo, si ndivyo?

AFISA KILIMO: Sivyo, mzee wangu. Ile Sheria ya Ardhi ya Jamii uliyonikatiza nikiitaja inahesabu vichwa. Baraza la jamii ni watu wazima wote, wake kwa waume, na mkutano haufanyi uamuzi mpaka theluthi mbili yao wawepo. Kuuza au kutoa ardhi kunataka theluthi mbili ya wanachama wote walioandikishwa waunge mkono. Kamati ya kuisimamia ina watu 7 hadi 15, na inachaguliwa na baraza hilo hilo.

MZEE WA GASA: Tukija wanaume wote, pamoja na walioko Malindi na Mombasa?

AFISA KILIMO: Mtakuwa kama nusu. Hamfiki.